Kusubiri Risasi: Jinsi Sergio Leone Alivyolijenga Pambano la Makaburini

Pambano linalofunga The Good, the Bad and the Ugly, filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1966, huchukua takriban dakika tano, na bastola hulia katika sekunde za mwisho tu. Muda mwingine wote watu watatu wamesimama wakitazamana. Kwa mizani ya kawaida ya picha za kauboi hiyo ingekuwa kasoro, kwani mtazamaji amelipa kiingilio aone bastola zikichomolewa. Tena anajua tangu mwanzo kuwa stelingi hafi. Jibu la Leone lilikuwa kuuhamisha utamu wote kutoka kwenye risasi na kuuweka kwenye kuisubiri, na kusubiri huko kumejengwa kwa vitu vinavyoweza kutazamwa kimoja kimoja.

Leone si wa kwanza kumsubirisha mtazamaji. Katika High Noon ya Fred Zinnemann (1952) saa za ukutani huonekana kila mara, maana muuaji anakuja na treni ya saa sita mchana. Dakika chache kabla ya treni kufika, picha za saa na za nyuso za wakazi hupishana kwa kufuata mapigo ya muziki wa Dimitri Tiomkin. Leone naye mwaka 1965, katika For a Few Dollars More, alitumia saa ya mfukoni inayopiga muziki: ukinyamaza, watu hufyatua. Katika filamu zote mbili mtazamaji ameambiwa mapema ni lini mambo yatalipuka. Makaburini hakuna saa. Hakuna anayejua nani ataanza wala lini, wakiwemo wapiganaji wenyewe.

Makaburi hayo, yaitwayo Sad Hill, hayakuwapo kabla ya filamu. Yalijengwa katika bonde la mkoa wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, na wanajeshi wa nchi hiyo ndio waliofanya kazi ya kuchimba na kusimika misalaba, maelfu kwa maelfu. Mbunifu wa mandhari, Carlo Simi, aliyapanga kwa miduara inayozunguka uwanja wa mawe ulio katikati. Umbo hilo ndilo linalobeba pambano zima. Katika barabara ya mji wa kauboi, watu wawili hutengeneza mstari mmoja: kila mtu ana adui mmoja na anajua pa kutazama. Ndani ya duara wakiwa watatu, mistari ni mitatu, na anayemwelekezea mmoja macho anamwachia mwingine ubavu. Blondie, anayechezwa na Clint Eastwood, anaweka katikati ya uwanja jiwe lenye siri ya kaburi lilimofichwa dhahabu ya dola 200,000. Kisha Angel Eyes (Lee Van Cleef) na Tuco (Eli Wallach) wanarudi kinyumenyume, taratibu, kila mmoja akitafuta pembe yake. Matembezi hayo peke yake yanakula sehemu kubwa ya muda, na ni busara, kwa kuwa mtazamaji anajifunza ramani ya uwanja kabla kamera haijaanza kumnyima.

Kamera hiyo ilitumia mfumo wa Techniscope, uliobuniwa Italia kwa sababu ya ubahili. Fremu ya kawaida ya filamu ya milimita 35 ina urefu wa matundu manne ya pembeni. Ya Techniscope ina mawili. Mkanda ulitumika nusu, na picha ikatoka pana. Mifumo mingine ya skrini pana ya wakati huo ilitegemea lenzi za kubana picha, ambazo zilikuwa nzito na hazikupenda kusogezwa karibu na uso wa mtu. Techniscope ilitumia lenzi za kawaida, na kubana kukaachiwa maabara. Mpiga picha Tonino Delli Colli aliweza hivyo kusogea hadi vinyweleo na jasho vikaonekana, na katika picha nyingine akaweka mtu wa karibu na mandhari ya mbali vyote vikiwa safi. Hasara yake ni chembechembe za picha, maana fremu ndogo ilipaswa kukuzwa sana. Katika nyuso zilizoungua kwa jua na vumbi, chembechembe hizo hazidhuru kitu. Pengine hata zinasaidia.

Upana huo wa fremu una matokeo ambayo Leone aliyatumia kuliko mwongozaji yeyote wa zama zake. Ukiujaza uso wa mtu katika fremu pana na fupi, paji na kidevu vinakatwa. Ukizidi kusogea, yanabaki macho tu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Wahariri Nino Baragli na Eugenio Alabiso waliupanga mkato kwa ngazi. Kwanza wapiganaji wanaonekana kwa mbali, wadogo kama misalaba iliyowazunguka. Kisha miili, kisha mikono inayokaribia bastola, ukiwemo mkono wa Van Cleef wenye kidole cha kati kilichokosa ncha. Baadaye nyuso, mwishowe macho. Kadiri picha zinavyokaribia ndivyo zinavyofupika, mpaka kila moja inadumu kufumba na kufumbua. Mbinu hii ingekuwa vurugu tupu kama ramani ya uwanja isingekuwa imekwisha kueleweka. Kwa kuwa imeeleweka, jicho likigeuka kushoto mtazamaji anajua limemlenga nani, ijapokuwa huyo mwingine haonekani.

Saa iliyoondolewa imerudishwa na Ennio Morricone kwa njia ya muziki. Gitaa linaanza polepole, tarumbeta inapaa juu yake, sauti zinaongezeka, na mikato inafuata midundo. Kusikika kwa muziki bila kushindana na kelele kulitokana pia na desturi ya studio za Italia: sauti zote ziliingizwa baadaye, hata mazungumzo, kwa kuwa waigizaji walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja alisema kwa lugha yake. Midomo isiyolingana na maneno ni gharama inayokera katika matukio mengine ya filamu. Hapa hakuna anayesema.

Halafu kuna hila ya hadithi yenyewe. Usiku uliotangulia, Blondie ameondoa risasi katika bastola ya Tuco, na mtazamaji haambiwi mpaka Tuco afyatue bila kutoka kitu. Kumbe lilikuwa pambano la wawili, na mmoja tu ndiye aliyelijua hilo. Ndiyo sababu tukio hili linastahili kutazamwa mara ya pili: utulivu wa Eastwood, ambao mwanzoni ulionekana ni mkao tu wa stelingi, sasa una maelezo.

Miaka miwili baadaye, katika Once Upon a Time in the West, Leone alijenga kusubiri kwingine bila chombo hata kimoja cha muziki. Majambazi watatu wanangoja treni kwenye kituo kikavu kwa zaidi ya dakika kumi. Kinasikika kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa mafuta, nzi, tone la maji juu ya kofia, vidole vikialikwa. Hapo ile desturi ya kuingiza sauti baadaye ndiyo imekuwa mbinu kuu, kwa kuwa kila mlio umechaguliwa na kuwekwa mahali pake kama noti ya muziki. Harmonika ya Charles Bronson inaposikika baada ya treni kuondoka, inatisha kwa sababu ya ukimya uliotangulia.

Anayetaka kuyaona haya aangalie nakala anayopata. Kanda nyingi za zamani zilikata picha ili itoshe runinga za mraba, na katika pambano la makaburini hilo humaanisha kupoteza mmoja wa wapiganaji, au jicho zima. Toleo refu la Kiingereza la mwaka 2003 lilirudisha matukio yaliyokuwa yameachwa Marekani. Eastwood na Wallach waliingia tena studio kutia sauti zao, ila Van Cleef, aliyefariki mwaka 1989, alisemewa na mwingine.