Viambishi Viwili Visivyokuwepo

Kuanza isimu kwa kuchora miti ya sintaksia ni kosa, na daftari la mwalimu wetu wa Masimba ndilo ushahidi. Daftari hilo, alilojifundishia akisubiri masomo ya uzamili, limeshapita mikononi mwa wengi wetu huku Nyaribari, na kila msomaji hukwama ukurasa uleule: pale mwalimu alipoamua kwamba Ekegusii, lugha yetu ya Kibantu, kina viambishi viwili vya ngeli ya 7, eke- na ege-. Viwili! Kisha akavisakia maana: eti eke- ni cha lugha, ege- ni cha watu na vyombo.

Hebu tupange data. Ekegusii, egesaku (ukoo). Okogenda, ogosoma, ogokora. Mzizi ukianza na g, k ya kiambishi inatulia. Ukianza na s au k, inageuka g. Kiambishi cha kitenzi-jina nacho kinafuata mkondo huohuo, na hicho hakijui lugha wala ukoo. Ni Kanuni ya Dahl, ileile inayowapa Wakikuyu gũtema lakini kũrĩma: sighuna haitaki sighuna mwenzake katika silabi inayofuata. Mofimu moja, alomofu mbili, basi.

Angeliona hilo mapema kama angeanza na ghuna na sighuna. Kitabu alikuwa nacho: Mtalaa wa Isimu wa Mgullu (1999), ambao jaladani tu umetanguliza fonetiki, ikafuata fonolojia, kisha mofolojia. Akaruka yote, akamkimbilia Chomsky, miti yake ya sintaksia na mifano ya Kiingereza.

Tahajia ya Ekegusii nayo haikumsaidia. Nimelisema hadi watu wamenichoka: kuandika irabu 5 katika lugha yenye 7 kunawaziba masikio wazawa wenyewe.

Majedwali yake ya nyakati ni safi, hata Whiteley wa The Tense System of Gusii (1960) angeyakubali.

Lakini nyakati si mwanzo; wataalamu wa zamani walijua pa kuanzia. Carl Meinhof alikuwa mchungaji wa kanisa kijijini Zizow, Pomerania, alipochapisha mwaka 1899 kazi yake kuhusu lugha za Kibantu, na aliijenga juu ya sauti. Ndiye pia aliyeipa kanuni hiyo jina la Dahl, mmisionari wa Unyamwezi.

Na toni je? Lee Bickmore ameandika makala nzima kuhusu toni ya juu inavyosambaa katika Ekegusii. Daftari letu halina alama ya toni hata moja.