Kushawishi na Kusadikisha

Neno «kushawishi» lina nyuso mbili. Katika Baba Yetu, kishawishi ni jambo la kuogopwa. Lakini wakili naye hushawishi waamuzi kwa ushuhuda, mchuuzi hushawishi wanunuzi kwa maneno matamu, mwalimu hushawishi wanafunzi kwa sababu. Je, wote hao wafanya kazi moja?

Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, alitaja njia tatu za kuwavuta watu: tabia ya msemaji, mioyo ya wasikiaji, na sababu zenyewe. Tuzipime katika mchezo wa Shakespeare, «Julius Caesar», ambao Julius Nyerere aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1963.

Brutus aeleza kwa nini amemwua Caesar. Watu wamshangilia, na mmoja apaza sauti kwamba yeye sasa awe Caesar! Basi sababu zake hazikuingia. Walipenda heshima yake tu. Ndipo Antony aonyesha joho lililotobolewa kwa visu, asoma wosia, na watu walewale wakimbia kuchoma nyumba. Njiani wamshika Cinna mshairi. Awaambia kwamba yeye si Cinna yule mwuaji. Hawamsikii, wamrarua kwa ajili ya jina.

Usemi wa Antony ni hodari kweli, lakini tunda lake ni hilo. Aliyesadikishwa aweza kukueleza sababu, tena aweza kungoja na kuuliza. Aliyeshawishiwa tu hukimbia pamoja na wenzake.