Rimu za inchi 17 kwenye Forester SG5: hesabu ya ndani na hesabu ya nje

Ukiingia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ukaulizia rimu za Subaru, swali la kwanza utakaloulizwa ni la matundu: "Tano kwa mia, au tano kwa mia na kumi na nne?" Ni swali la maana. Subaru Forester ya umbo la SG5, iliyoanza kutoka mwaka 2002 na ambayo bado imejaa kwenye barabara zetu, ina stadi tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Impreza STI za kuanzia toleo la 2005 zina duara la 114.3, yaani inchi nne na nusu kamili, na rimu zake haziingii kwenye SG5 hata kwa nyundo. Shida ni kwamba mauzo mengi huishia kwenye swali hilo. Matundu yakikubali na nati zikashika, pesa inatoka mfukoni. Nafuata hapa SG5 moja tangu rimu zake za kiwandani hadi zile ilizofungwa mwishowe. Mwenye gari alionyeshwa seti tatu, zote tano kwa mia, na ni moja tu iliyolifaa gari lake.

Kwanza gari lenyewe. Lilikuwa na rimu za inchi 16, upana inchi 6.5, ofseti 48, tundu la katikati milimita 56.1, na tairi za 215/60R16. Vipimo vya rimu huwa vimegongwa nyuma ya mikono au ndani ya pipa la rimu, na vya tairi vimeandikwa ubavuni. Kama maandishi ya rimu yamefutika, duara la stadi tano hupatikana kwa kupima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani: milimita 58.8 ni duara la 100, milimita 67.2 ni la 114.3. Usipime kwa kukisia tundu "linalokabiliana" na jingine, maana kwenye rimu ya matundu matano hakuna linalokabiliana na mwenzake.

Ofseti ndiyo inayowachanganya wengi. Chukua upana wa rimu, uugawe katikati kwa mstari. Umbali kutoka mstari huo hadi kwenye ule uso bapa unaokaa juu ya habu ndio ofseti, kwa milimita. Uso ukiwa umesogea kuelekea nje ya gari, ofseti ni chanya na rimu inazama ndani ya madigadi. Ofseti ikipungua, rimu inatoka nje. Mpaka hapo mafundi wengi tunaelewana. Tunapoachana ni pale fundi anapolinganisha ofseti na ofseti akasahau kwamba upana nao umebadilika. Namba hizi mbili hazisomwi mbalimbali.

Hesabu yake ni nyepesi. Geuza upana uwe milimita, chukua nusu. Ongeza ofseti, utapata jinsi rimu inavyoingia ndani kuelekea kwenye shokapu. Toa ofseti kwenye nusu ileile, utapata jinsi inavyotoka nje kuelekea kwenye madigadi. Kwa rimu za kiwandani za SG5, nusu ya inchi 6.5 ni milimita 82.55, kwa hiyo inaingia ndani 130.55 na kutoka nje 34.55. Hizo ndizo namba za kushika. Kila rimu nyingine inapimwa dhidi yake.

Seti ya kwanza ilikuwa imetolewa kwenye Toyota Prius: inchi 17, upana 7, ofseti 50, pamoja na tairi zake za 215/45R17. Kwenye karatasi ofseti ilikuwa karibu sawa kabisa na ya Subaru, na bei ilikuwa ya chini kuliko zote. Ilipojaribiwa kwenye gari, rimu ilifika kwenye habu ikagoma. Tundu la katikati la rimu hizo ni milimita 54.1, na mdomo wa habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili tu, moja kila upande, lakini chuma hakiingii ndani ya chuma. Nilichokiona baada ya hapo ndicho kinachonisukuma kuandika. Fundi alianza kukaza nati ili rimu "ijivute" yenyewe. Mwanga ulikuwa unapita kati ya rimu na habu. Gurudumu lililofungwa hivyo halikai kwenye uso wa habu, linaning'inia kwenye stadi, na stadi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gurudumu hushikiliwa na msuguano wa nyuso mbili bapa zinazobanwa pamoja kwa nguvu ya nati. Nyuso hizo zisipogusana, kila shimo la barabarani linazikunja stadi mpaka siku moja zinakatika.

Shauri la pili la fundi lilikuwa kulipanua tundu kwa grainda. Kupanua kunawezekana, ila ni kazi ya mashine ya kukereza, rimu ikiwa imefungwa sawasawa katikati, na fundi anayejua kupima sehemu ndogo ya milimita. Kwa grainda ya mkononi tundu linakuwa yai, na rimu haitakaa katikati tena. Hata kama tundu lingekerezwa vizuri, tairi zenyewe zilikuwa zinaikataa seti hiyo. 215/60R16 ina kipenyo cha milimita 664. 215/45R17 ina 625. Gari lingeshuka kwa karibu milimita 20, mshale wa mwendo ungeongeza chumvi kwa asilimia sita, na ubavu wa tairi ungepungua kutoka milimita 129 hadi 97. Kwa mtu anayepita matuta na mashimo kila asubuhi, huo ubavu ndio unaoiokoa rimu isipasuke. Seti ikarudishwa.

Seti ya pili ndiyo aliyoipenda mwenye gari, na naelewa kwa nini. Inchi 17, upana 8, ofseti 35, mdomo mpana, zimejaa madigadi vizuri machoni. Muuzaji alisema ofseti imepungua milimita 13 tu. Sasa tumia hesabu: nusu ya inchi 8 ni milimita 101.6. Ndani inafika 136.6, yaani imesogea milimita 6 kuelekea kwenye shokapu. Nje inafika 66.6. Toa 34.55 ya kiwandani, unapata milimita 32. Zile 13 alizozitaja muuzaji ni za ofseti peke yake. 19 zilizobaki zimeletwa na upana, naye hakuzitaja.

Kuhakikisha, tulining'iniza uzi wenye kizito kutoka ukingo wa madigadi ya nyuma, gari likiwa limesimama kwenye sakafu sawa, tukapima kutoka uzi hadi mdomo wa rimu ya zamani. Nafasi haikufika milimita 32. Na hapo gari lilikuwa tupu. Watu watatu wakikaa kiti cha nyuma na mizigo ikijaa kwenye buti, gurudumu linapanda ndani ya madigadi na bega la tairi linakutana na ukingo wa bati. Wapo wanaoukunja ukingo huo kwa nyundo. Mimi sikubaliani nao: rangi inapasuka, kutu inaingia, na chanzo cha tatizo bado kipo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa uzi. Ofseti ikishuka kutoka 48 hadi 35, katikati ya tairi inasogea nje milimita 13. Uzito wa gari unaibana beringi kutoka mbali zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na kwenye magurudumu ya mbele usukani unaanza kunyakuliwa kila tairi moja inapoingia shimoni. Spesa inafanya jambo hilohilo: spesa ya milimita 13 kwenye rimu ya ofseti 48 ni ofseti 35 tu. Tena spesa za kuchomeka zinakula urefu wa stadi. Stadi za Subaru ni za milimita 12 zenye hatua ya uzi ya 1.25, kwa hiyo nati inatakiwa izunguke mizunguko tisa au kumi kamili kabla ya kubana. Ikibana kwenye mzunguko wa tano, iache.

Seti ya tatu haikuwa na mvuto ule. Rimu za Kijapani zilizokwisha kutumika, inchi 17, upana 7, ofseti 48, tundu la katikati 73.1. Hesabu: nusu ya upana ni 88.9, ndani 136.9, nje 40.9. Imesogea milimita 6.35 kila upande, na katikati ya tairi imebaki palepale ilipokuwa. Ziweke sasa pembeni ya seti ya pili. Kwa ndani zinafika karibu mahali pamoja, 136.9 kwa 136.6, kwa nje zinaachana kwa milimita 26. Ukiangalia ofseti peke yake huwezi kuliona hilo.

Ndani ndiko kulikohitaji uangalifu. Rimu moja ilifungwa kwanza bila tairi, ikazungushwa kwa mkono kuona kama mikono yake inaipisha kalipa ya breki. Rimu mbili zenye vipimo sawa kabisa zinaweza kutofautiana hapa, kwa sababu hakuna namba inayoeleza mkono wa rimu umejikunja kiasi gani. Ikapita. Kisha nafasi kati ya ukingo wa ndani wa rimu na mwili wa shokapu ikapimwa, na ilibaki ya kutosha.

Tundu la 73.1 kwenye habu ya 56.1 linaacha pengo, na pengo hilo linazibwa kwa pete: kipenyo cha nje 73.1, cha ndani 56.1. Kazi ya pete ni kuiweka rimu katikati wakati nati zinakazwa. Bila pete, rimu inaweza kukaa upande kidogo, na ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa usukani unatetemeka hata kama tairi zimebalansiwa leo asubuhi. Nati nazo zilikaguliwa. Rimu hizi zina kikalio cha koni, na nati za Subaru ni za koni, kwa hiyo zilikubaliana. Nati zenye shingo iliyonyooka na washa, kama zile za rimu nyingi za Toyota, hazina mahali pa kukaa hapo, na nati za duara za Honda hazigusi koni ipasavyo.

Upande wa tairi, muuzaji alipendekeza 215/60R17, kwa maelezo kwamba "ni ileile, imebadilika 16 tu ikawa 17". Kipenyo chake ni milimita 690, na juu ya tairi ya mbele ya SG5 kuna kikalio cha springi ambacho hakisogei. Tairi ingekisogelea kwa karibu milimita 13. Iliyochukuliwa ni 215/55R17, kipenyo 668, tofauti ya chini ya asilimia moja, na rimu ya inchi 7 imo ndani ya upana ambao tairi hiyo inaruhusu, yaani 6 hadi 7.5. Kwenye rimu ya inchi 8 ya seti ya pili tairi hii isingefaa.

Uso wa habu ulisuguliwa kutu kwa brashi ya waya, nati zikakazwa kwa mpangilio wa nyota gari likiwa kwenye jeki, kisha zikamaliziwa chini kwa spana ya kupima nguvu, kama nyutoni-mita 100. Usukani ulikatwa kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mbele na kinyumenyume, gari likiwa na watu watano. Hakuna kilichogusa. Nati zilirudiwa kukazwa baada ya kilomita mia moja hivi.

Limebaki tairi la akiba. Ni la inchi 16 bado, na mzunguko wake umepungukiwa na milimita 12 ukilinganisha na yale manne. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote, mwongozo unaofuatwa ni tofauti isizidi robo inchi, kama milimita 6, la sivyo gia ya katikati inafanya kazi bila kupumzika na kupata moto. Nyingi za Forester hizi zenye gia otomatiki zina kijisanduku chenye maandishi FWD ndani ya boneti. Ukichomeka fyuzi pale, nguvu inabaki kwenye magurudumu ya mbele tu. Mwenye gari ameweka fyuzi ya ziada kwenye droo ya dashibodi, na anatafuta rimu ya tano.