Nyanya, Tango na Jirani

Wapo wanaodhani kuwa neno la Mungu na kicheko havikai chungu kimoja. Mimi si mmoja wao. Sungura na Fisi wametulea tukicheka, na funzo tulilipata. Kwa hiyo VeggieTales, katuni za Kikristo zilizoanzishwa Marekani mwaka 1993 na Phil Vischer na Mike Nawrocki, hazikunitisha. Wahusika wake ni mboga zisizo na mikono wala miguu: Bob ni nyanya, Larry ni tango. Watoto wa hapa Mabawe niliowaonyesha walicheka kabla sijawatafsiria hata neno moja.

Naipenda zaidi kanda ya mwaka 1995 inayosimulia upya habari za Msamaria Mwema. Miji miwili haipatani: mmoja huvaa viatu kichwani, mwingine masufuria, nayo hurushiana vitu hivyo. Larry, mtu wa viatu, ananyang'anywa fedha na kuachwa kichwa chini shimoni. Meya na daktari wa mji wake wanapita, wana shughuli. Anayemwokoa ni mtoto wa mji wa masufuria.

Uhodari wa kanda hii ni kuuonyesha uadui kuwa upuuzi mtupu, hata mtoto wa miaka mitano aone. Upungufu wake umo humo humo. Kiatu cha kichwani huvuliwa. Uadui wa watu hauvuliki hivyo. Sisi wa Ngara tunajua. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja. Walihitaji maji, kuni na ardhi, na kati yao wauaji walichanganyika na wasio na hatia. Hapo ujirani ulikuwa na bei. Msamaria wa Injili naye alilipa dinari mbili na kuahidi kuongeza. Katuni inaipita bei hiyo haraka mno.

Mwaka 2011 Vischer mwenyewe alieleza kuwa kwa miaka mingi alihimiza watoto wawe na mwenendo wa Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Nakubaliana naye nusu. Adabu si Injili, lakini ni mlango. Basi wewe mzazi, kanda ikiisha usiondoke. Msimulie mwanao habari za Rusumo, kisha mwulize: jirani yako ni nani, nawe uko tayari akugharimu nini?