Barua Isiyosomwa: Mwanafunzi Mtu Mzima katika Filamu ya The First Grader

Filamu ya The First Grader, iliyotolewa mwaka 2010 chini ya uongozaji wa Justin Chadwick, imesifiwa sana kwa namna inavyomkweza Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 84. Kwa upande wa uigizaji sifa hizo ni za haki. Oliver Litondo amemwonyesha mzee huyu kwa utulivu wenye uzito, bila kumfanya kichekesho. Kuhusu maudhui, hata hivyo, lipo swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: filamu hii inadai nini juu ya namna mtu mzima anavyojifunza?

Maruge wa historia alieleza bayana kilichompeleka shuleni. Alitaka kujisomea Biblia, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri hakuwa akiisoma ilivyo; tena alitaka kujua hesabu, endapo wapiganaji wa Mau Mau wangelipwa fidia naye angehitaji kuhakikisha hapunjwi. Hakuna mtoto wa miaka sita aingiaye darasani na sababu za namna hiyo. Mwalimu mwenye busara angeziona sababu hizo kuwa ndizo muhtasari wa masomo wenyewe: kuna matini ya kusoma, kuna tarakimu za kujua, na juu ya yote kuna haja ya kupima ukweli wa maneno ya wakubwa.

Ann Peacock, mwandishi wa mchezo huo, amemkabidhi Maruge wa filamu barua kutoka ofisi ya Rais, na haja ya kuisoma ndiyo imsukumayo shuleni. Kisanaa huo ni uteuzi mzuri, kwani barua hubeba taharuki kwa urahisi kuliko Biblia. Kasoro ni kwamba barua hiyo inabaki chombo cha taharuki tu. Mzee anakaa na watoto akifuata alfabeti na namba zao, ilhali matini aliyoitamani imo mikononi mwake mwenyewe. Haifanywi kitabu chake cha kwanza. Mwalimu Jane, aliyeigizwa na Naomie Harris, ana huruma na ushujaa mwingi, lakini mbinu yake ni ile ile afundishayo watoto. Mwishoni barua inasomwa na wengine kwa niaba ya mwenyewe. Watazamaji wengi wametokwa na machozi hapo, pasipo kutambua kwamba wameonyeshwa kushindwa kwa somo.

Sehemu iliyo dhaifu zaidi ni ile ya darasa la watu wazima. Maruge anapelekwa huko, anakuta wenzake hawana ari, naye anaapa kutorudi. Lawama yote imewaangukia wanafunzi. Filamu haiulizi walikuwa wakifundishwa nini, wala kwa nini wamechoka. Hapa imeazima dharau iliyokwisha kuzoeleka mitaani, ambako neno ngumbaru hutamkwa kwa kejeli ijapokuwa Kenya ina idara ya elimu ya watu wazima tangu mwaka 1979.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania na UNESCO zilianzisha mjini Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa, na vitabu vyake vilijengwa juu ya kazi za wanakisomo wa kandokando ya Ziwa: pamba, ndizi, uvuvi. Huo ulikuwa mwanzo mwema, ingawa mara nyingi bwana shamba ndiye aliyesema na mkulima akaitika. Paulo Freire, nchini Brazili, alisogea hatua moja mbele kwa kuyatafuta maneno ya somo katika maisha na mazungumzo ya wanafunzi kabla ya kuandika chochote.

Tuseme sasa mkulima wa Plateau, karibu na Eldoret, apelekaye mahindi yake kwenye ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Kwa kung'ata punje anajua kama zimekauka. Ghalani anakutana na kipimo kinachotaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na gunia linalohesabiwa kwa kilo 90. Shule ya watoto huichelewesha nukta ya desimali kwa miaka. Mkulima huyu anaihitaji siku ya kwanza, na anayo tayari maana yake kwenye meno. Somo lake laweza kuanzia kwenye stakabadhi aliyopewa, asome uzito, asome unyevu, kisha akokotoe mwenyewe anachodai.

Stakabadhi hiyo inaibua jambo ambalo filamu imelifunika kabisa, nalo ni lugha. Katika Uasin Gishu mtu mzima aweza kuota kwa Kinandi au kwa Kigikuyu, akabishana sokoni kwa Kiswahili, na kupokea karatasi ya serikali kwa Kiingereza. Kujua kusoma, kwake, ni kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na mwalimu asiyeuona mto huo hawezi kumvusha. Kiswahili, ambacho ndicho angalau wanadarasa wote hukutania, kingekuwa daraja. Katika The First Grader Kiingereza kimetawala uani, darasani na vijijini, ili mtazamaji wa ng'ambo asisumbuke. Maruge wa filamu anahangaika na herufi tu. Lugha ya barua yake haimpi shida yoyote. Hivyo barua inapofunguliwa na kusomwa kwa Kiingereza, hakuna mhusika hata mmoja anayefikiri kumfasiria mzee.