Pini Imekaa Sawa, Njia Imepita Kando

Mchoro wa chipu unaweza kupita ukaguzi wote wa kanuni za kiwanda na bado ukaitesa programu ya kupitisha nyaya. Mara nyingi wa kulaumiwa ni pini. Tuchukue SKY130, teknolojia ya nanomita 130 ya kiwanda cha SkyWater cha Marekani, ambayo SkyWater na Google waliifungua kwa umma mwaka 2020. Kiwanda hakijali kona ya umbo iko wapi, mradi ikae kwenye kizidishio cha maikromita 0.005. Programu ya nyaya haina uhuru huo. Yenyewe hufuata njia zilizopangwa kabla: kwenye metali ya kwanza njia za mlalo kila maikromita 0.34, kwenye ya pili njia za wima kila 0.46. Pini ikiangukia katikati ya njia mbili, waya hulazimika kupinda ili kuifikia, na kipande hicho kilichopinda hula nafasi ya jirani.

Kwenye Magic, programu ya kuchorea iliyozaliwa Berkeley miaka ya 1980, mchoraji huandika amri grid 0.46um 0.34um 0.23um 0.17um. Namba mbili za mwanzo ni hatua za gridi. Mbili za mwisho zinaeleza inapoanzia, yaani nusu hatua kutoka kwenye chimbuko. Wengi huongeza snap user ili kisanduku cha kuchorea kinate kwenye mistari hiyo. Mimi siipendi sana. Kinachotakiwa kukaa juu ya njia ni kitovu cha pini, lakini kinachonata ni ukingo. Pini yenye upana wa 0.17 itakuwa imehama kwa 0.085 huku mchoraji akiamini ameilenga. Gridi hiyo itumike kuonea, vipimo vipigwe kwa namba.

Ile nusu hatua ina kazi yake. Safu za seli hupinduliwa, moja wima na inayofuata kichwa chini. Seli za kawaida za hd, mojawapo ya maktaba za seli za SKY130, zina kimo cha 2.72, ambacho ni 0.34 mara 8 kamili, kwa hiyo pini iliyokuwa juu ya njia hubaki juu ya njia hata seli ikigeuzwa.

Wengi hukwama baadaye, kwenye bloku kubwa. Pini zimepangwa vizuri ndani yake, kisha bloku inawekwa popote penye nafasi. Hata kuiweka kwenye vizidishio vya 0.46 hakutoshi: metali ya pili itakubali, lakini ya nne, ambayo hatua yake ni 0.92, inaweza kukosa njia kwa nusu nzima. Kona ya bloku ikikaa kwenye vizidishio vya 0.92 kwa mlalo na 0.68 kwa wima, metali ya kwanza hadi ya nne zote hulingana. Ya tano ina hatua ya 3.40, ila hiyo kwa kawaida hubeba umeme wa kulisha saketi, na nyaya zake nene hazihitaji usahihi huo.