Novemba 31 Ndani ya Chipu

Chipu ya RK808 ya kampuni ya Rockchip husimamia umeme katika kompyuta zenye prosesa ya RK3288. Ndani yake mna saa inayoendelea kutembea hata mashine inapozimwa, na saa hiyo ina kasoro: Novemba yake ina siku 31. Tarehe 30 ikiisha, haiingii Desemba, bali huingia siku isiyokuwepo. Tangu hapo inabaki nyuma kwa siku moja, na baada ya Novemba inayofuata, kwa siku mbili. Kosa limo kwenye silikoni, hakuna programu ya kuling'oa. Mwishoni mwa 2015 kiendeshi chake cha Linux kilipata dawa, na dawa hiyo inastahili kusomwa na kila anayeshika tarehe kwenye programu zake.

Tuanze na kazi ya kila siku ya kiendeshi hicho. Chipu hutunza sekunde, dakika, saa, siku, mwezi na mwaka katika rejista mbalimbali, kila tarakimu ikichukua biti nne, na mwaka una tarakimu mbili tu. Linux hufuata desturi ya lugha ya C: Januari ni mwezi wa 0, na miaka huhesabiwa tangu 1900. Kwa hiyo kiendeshi kikikuta 16 kwenye rejista ya mwaka, huongeza 100. Kwenye mwezi hupunguza 1.

Novemba ndiyo iliyodai fikra zaidi. Njia inayokuja haraka kichwani ni kuisahihisha saa kila Desemba 1. Lakini kompyuta huenda ilikuwa imezimwa usiku ule, au imekaa kabatini miaka miwili. Ikiwashwa, itajuaje kama sahihisho lilikwisha kufanywa? Kuweka alama kwenye diski hakusaidii, maana diski hufutwa na mifumo endeshi hubadilishwa.

Wahandisi wakaiacha saa ifuate kalenda yake, wakaichukulia kuwa kalenda kamili yenye kanuni isiyobadilika. Wakateua Januari 1, 2016 kuwa siku ambayo kalenda zote mbili zinakubaliana. Kuanzia hapo, kiendeshi huhesabu Novemba zilizokwisha kupita kwa tarehe ya chipu, kisha huongeza siku kwa idadi hiyo. Chipu ikionyesha Machi 1, 2020, Novemba nne zimepita, basi leo ni Machi 5. Jibu hutoka kwenye tarehe iliyosomwa peke yake. Hakuna historia ya kukumbuka.

Kuandika ni kugumu kuliko kusoma. Anayetaka kuweka Desemba 1, 2016 lazima aandike Novemba 31 kwenye rejista, na kiendeshi kina tawi maalumu kwa ajili ya siku hiyo. Kengele nayo hupitia hesabu ileile. Bila hivyo, iliyotegwa kulia Desemba 1 ingelia kesho yake.

Mpango huu una sharti moja, nalo limeandikwa wazi ndani ya msimbo: programu nyingine yoyote inayosoma saa hiyo, ikiwemo ile inayoiwasha mashine, itumie hesabu hiyohiyo na siku ileile ya mwafaka. Wawili wakiteua siku tofauti, kila mmoja atavuruga tarehe ya mwenzake.

Funzo hili halijafungwa kwenye RK808. Chipu nyingi za saa huhesabu kila mwaka unaogawanyika kwa nne kuwa mrefu, ilhali 2100 hautakuwa na Februari 29. Ndiyo maana Linux humruhusu mwandishi wa kiendeshi kutangaza mwanzo na mwisho wa tarehe ambazo chipu yake inaziweza. Mwandishi mwangalifu huanza na swali hili: chipu hii inafuata kalenda gani, na hadi lini? Akishalijibu kwa maandishi ndani ya msimbo, kasoro ya chipu inakuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa, na mtumiaji anapata tarehe sahihi.